Neno Moja la Kochi Gervasi

Kabla kiharusi hakijamwangusha, Kochi Gervasi alikuwa mtu wa sauti. Alasiri, upepo ukitoka ziwani, hata waliokuwa sokoni Ujiji walimsikia akifoka uwanjani: "Mabega chini! Pumua kwa tumbo!" Wapita njia walicheka, wakasema leo watoto wa Gervasi wamepatikana. Walicheka kwa mapenzi, maana wengi wao alikuwa amewakimbiza yeye. Waliokuja kuwa manesi, askari na madereva wa malori hawakupita nyumbani kwake bila kuingia kumwamkia.

Heshima hiyo ilianza na mguu. Akiwa kidato cha tatu, kijana wa Kalinzi aliyezoea kupanda na kushuka milima ya kahawa bila viatu, alichaguliwa timu ya mkoa na kwenda kwenye michezo ya taifa ya shule za sekondari. Mguu wa kushoto ulimuuma tangu kambini, akanyamaza. Fainali ya mita elfu moja na mia tano aliikimbia hivyo hivyo, akawa wa pili, na alipovuka mstari mfupa wa muundi ukakatika. Alirudishwa Kigoma kwa treni, akiwa amelazwa kwenye benchi, akakuta stesheni imejaa watu wanamwimbia. Hakushindana tena maishani mwake. Akasomea ualimu, akarudi nyumbani, akawa kocha. Lakini watu waliposimulia hawakufika huko. Walisema tu kwamba Gervasi wa Kalinzi alikimbia na mfupa uliopasuka, wakaishia hapo.

Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Daktari alimweleza mkewe, Honorata, kwamba huwa inatokea: mgonjwa anabakiwa na neno moja, wala hachagui lipi. La Gervasi lilikuwa "haya." Akitaka maji, "haya." Akikataa uji, "haya." Siku alipoletewa habari ya kifo cha kaka yake kule Ilagala, alilia, "Haya, haya, haya," mpaka waombolezaji wakaangalia pembeni. Honorata alimshikisha penseli kwa mkono wa kushoto, ikatoka mikwaruzo kama ya kuku. Herufi nazo zilikuwa zimemkimbia. Kichwani lakini kila kitu kilikuwepo, kimepangwa sawasawa. Kikifika mdomoni ndipo kinapogeuka.

Aliyeshika filimbi baada yake ni Nickson, mwanafunzi wake wa zamani, kijana mwenye adabu na bidii. Kila alasiri alikuja na kiti cha magurudumu kumchukua.

"Mzee akishinda ndani atakufa kwa upweke, Mama," alimwambia Honorata. "Wacha awaone watoto. Wakimwona na wao wanakimbia vizuri."

Ndivyo Gervasi alivyouona mguu wa Jovita ukiharibika.

Jovita alikuwa wa kidato cha tatu, mtoto wa Marcelina anayeanika na kuuza dagaa Kibirizi. Gervasi ndiye aliyemgundua, akimkuta anapandisha kilima na ndoo kichwani huku anakimbia, maji hayamwagiki. Kabla ya hapo hakuwahi kupata msichana wa namna ile. Lakini alasiri moja, zimebaki wiki chache mashindano ya mkoa yafanyike, alimwona akikata kona na bega la kulia likishuka kidogo sana, kitu ambacho hakuna mwingine angekiona. Mguu wa kushoto uligusa ardhi na kuondoka haraka, kama unaogusa jivu la moto. Mzunguko ulipoisha, Jovita aliinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, akaukandamiza muundi kwa kidole gumba.

Gervasi aliukumbuka mkandamizo ule. Mwili mzima ulimsisimka, hata ule upande uliolala.

"Haya!" alisema. "Haya! Haya!" Mkono wa kushoto ulinyooka kuuelekea mguu wa msichana.

Nickson aligeuka, uso umechanua. "Mmemsikia Mzee? Anasema haya! Twendeni! Jovita, ongeza!"

Jovita alimtazama kocha wake wa zamani, akatabasamu, akaongeza.

Gervasi alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka mate yakamtoka. Nickson alikuja mbio, akamfuta kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfuta baba yake. "Umechoka, Mzee. Jua kali leo." Akawaita wanafunzi wawili wamrudishe nyumbani.

Honorata alijua kuna jambo. Alikuwa ameishi na mtu huyu mpaka akawa anajua kukohoa kwake. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba Castory, ni uwanjani?" Akaitikia kwa kichwa. "Ni Nickson?" Akakataa. "Ni mtoto?" Akaitikia, machozi yakimlenga. Alitaja majina ya wasichana mpaka akafika kwa Jovita. Mumewe akajipiga muundi kwa mkono mzima, akajipiga tena, tena.

"Mguu. Jovita anaumwa mguu."

"Haya," alisema Gervasi, na kwa mara ya kwanza tangu augue neno lile lilikuwa na maana aliyoitaka.

Kesho yake Honorata alijifunga kitenge akaenda mwenyewe uwanjani. Nickson alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza. Akamwita Jovita mbele yake.

"Unaumwa mguu?"

"Hapana, mwalimu."

"Sema kweli. Mama huyu hajatoka kwake bure."

"Siumwi, mwalimu. Jana ulikaza tu kidogo."

Honorata alimtazama msichana, naye akatazama chini. Kwao hakuna aliyewahi kuvuka Uvinza. Jina lake likiingia timu ya mkoa angepanda treni, angeiona nchi. Mtoto gani angesema?

Nickson alishusha pumzi. "Mama, Mzee anawapenda sana watoto hawa. Labda anaukumbuka mguu wake." Kisha akawageukia wanariadha wote na kuwasimulia, kwa moyo safi kabisa, jinsi kocha wao alivyokimbia fainali ya taifa na mfupa uliopasuka bila kulalamika. Honorata alirudi nyumbani akamweleza mumewe neno kwa neno. Gervasi alifumba macho, hakuyafumbua mpaka chakula kilipoletwa.

Siku ya mashindano walimweka kivulini, karibu na kona ya mwisho, mahali pa heshima. Wazee walipita kumpa mkono, wakimwamkia kwa Kiha. "Mwakeye, Kochi!" Aliwajibu kwa neno lake. Marcelina alikuwa jukwaani na wanawake wenzake wa Kibirizi, wamefunga vitenge sare.

Jovita aliongoza tangu mwanzo. Kila alipopita, Gervasi alisikia mguu ule ukitua. Haukuwa na mlio, lakini aliusikia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Msichana alikuja kwenye kona uso umekuwa wa kijivu, akipunguza, na kwa kitambo kifupi alionekana kama anayetaka kutoka nje ya mstari. Gervasi aliinua mkono kumzuia. Alikusanya kila kitu kilichobaki ndani yake, akalitafuta neno moja dogo, *simama*, akalisukuma kwa nguvu zote.

"Haya!" lilitoka, kubwa, kama sauti yake ya zamani. "Haya!"

Jovita alimwona. Akakaza.

Hakufika mbali. Waliokuwa karibu walisema ulisikika mlio kama kuni kavu. Jukwaani Marcelina alipiga yowe, "Yebabawe! Mwanangu!" akashuka akikanyaga watu. Nickson alipiga magoti kwenye vumbi, mikono imeshika kichwa. Kila mtu alikimbilia kule. Gervasi alibaki kivulini peke yake na kiti chake kimefungwa breki.

Timu ya mkoa iliondoka na msichana mwingine. Hospitali waliuunga mfupa. Daktari alisema atatembea vizuri, ya kukimbia hakuahidi.

Siku Jovita alipoanza kutembelea magongo, alikuja na mama yake, mguu umefungwa hogo jeupe la plasta lililojaa majina ya wanafunzi wenzake. Alikaa kwenye mkeka karibu na kiti.

"Mwalimu, nilitaka kuacha," alisema. "Pale kwenye kona. Nikakuona umeinua mkono unaniambia haya. Nikasema siwezi kukuangusha."

Gervasi alitikisa kichwa. Akalishika lile hogo kwa mkono wake mzima, akalia.

"Usilie, Mwalimu," Jovita alisema, naye akaanza kulia. "Si kosa lako. Ulinitia moyo tu."

Marcelina aliweka mapajani mwa Gervasi mfuko wa dagaa wakavu, wale wazuri anaowatenga kwa wageni. "Wengine wote walikuwa wanapiga kelele tu," alisema. "Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Mungu akubariki, Mwalimu."

Walipoondoka, Honorata aliwakaanga dagaa kwa nyanya na limau. Mumewe alifunga mdomo.

"Kula, Baba Castory," alisema, kijiko mkononi. "Wametoka kwa watu wanaokupenda."

Kijiko kilisubiri. Mwishowe akafungua mdomo, akala.