Upande wa Kisima Uko Wazi

Wiki ile Kaaha hakuomba mvua. Aliomba wasichana wa Griftu washindwe.

Aliomba kimoyomoyo baada ya kila sala, na kila alipomaliza alimwomba Mungu msamaha, maana katika Griftu nzima hapakuwa na mtu aliyeipenda timu ile kama yeye. Mchezo wao ni raundasi, mchezo wa wasichana wa shule. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu nyingine anaupiga kwa gongo kisha anatimua mbio kuvizunguka vigingi vinne, na wale walio uwanjani wanaukimbilia mpira ili wamkatie njia. Ukivimaliza vigingi vyote umeiletea timu yako alama. Mpira wako ukidakwa hewani kabla haujagusa mchanga, basi, umetoka, kaa chini.

Watu wazima wengi waliuona mchezo wa kitoto. Kaaha aliutazama kama alivyotazama mifugo maisha yake yote. Alijua kwamba mbuzi hatoki zizini kwa sababu ana nguvu. Anatoka kwa sababu pengo lipo na mchungaji anaangalia kwingine. Na mpira ndivyo ulivyo. Kwa hiyo kila mechi alibeba jerikani lake la maji, akaligeuza kiti pembeni ya uwanja, na kabla mjukuu wake Ilhan hajaenda kupiga, msichana alikuja kunywa maji na kuuliza, "Ayeeyo, wamekaaje?" Naye bibi akamwambia pengo liko wapi. Mwalimu wa michezo alijua jambo hilo na hakulikataza. Timu ilikuwa inashinda, ya nini kuuliza?

Ilhan alikuwa darasa la saba, mrefu kama mti wa hema, mikono haitulii. Kaaha alimlea tangu mama yake, Ramlo, aolewe upya Garissa. Miaka minne mtoto hajamwona mama. Zilikuja salamu tu, midomoni mwa madereva, na mara moja jozi ya viatu vilivyokuwa vidogo tayari. Sasa Griftu wamefika fainali ya wilaya, watacheza na Buna, na mshindi atakwenda Garissa kwenye mashindano ya mkoa.

"Nikishinda namwona hooyo," Ilhan alisema akichota maji. Alisema akifagia. Alisema usingizini.

Tatizo ni barabara.

Siku chache kabla ya fainali lori la sukari liliingia Griftu likiyumba, mlango wa dereva umetobolewa matundu. Majambazi walilivizia vichakani huko chini, kwenye barabara ya Garissa. Sukari ilichuruzika kutoka kwenye magunia yaliyopigwa risasi, ikachora mstari mweupe toka barabarani hadi mbele ya duka, na wanawake na watoto wakakimbia na sufuria. Kaaha naye alikimbia na bakuli. Akachota, akasukumana na wenzake, akachota tena, mpaka alipofikia gunia la chini akaona kwamba pale sukari si nyeupe. Utingo alikuwa amelazwa juu ya gunia hilo. Kaaha akaimwaga sukari yote mchangani, akarudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo chai yake akawa anainywa chungu.

Mtu atauliza, kwa nini hakukataa tu? Mwalimu alipopita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya wazazi, Ilhan alisimama nyuma yake, macho yake yote kwa bibi. Kusema hapana ilikuwa ni kumwambia mtoto: mama yako hutamwona. Ulimi wa Kaaha uliikimbia kazi hiyo. Alisema, "Waende na Mungu." Alitaka mchezo ndio ukatae, si yeye.

Siku ya fainali vumbi lilikuwa limepanda tangu adhuhuri. Watu wa Buna walikuja na lori zima la washangiliaji, wakapanga mstari upande wa soko la mifugo, wakaanza.

"Griftu! Mbuzi wenu wanalia, rudini mkakamue!"

"Sisi tuna mbuzi wa kukamua," mama mmoja wa Griftu aliwajibu. "Nyinyi mmekuja kunywa maji yetu tu!"

Kaaha kwa kawaida angetia na lake. Siku hiyo alikaa kimya juu ya jerikani, tasbihi mkononi. Kando yake alikaa Mzee Olow, muuza ngozi, mtu ambaye hakukosa mechi hata moja na hakuielewa hata moja.

"Leo nguvu tu, Kaaha," Olow alisema. "Wapige kwa nguvu, mpira uvuke soko, uende zake hadi Kutulo."

"Nguvu anayo punda, Olow, na bado anabebeshwa."

"Haya, wewe mwenye akili, niambie. Nani atashinda?"

Kaaha alisogeza punje moja ya tasbihi. Jibu alilijua tangu kipindi cha kwanza, na ndilo aliloliogopa.

Faduma, mrushaji wa Buna, alikuwa hatari mwanzoni. Mipira yake ilikuja kama jiwe la kombeo, na wasichana wa Griftu walitoka mmoja baada ya mwingine. Lakini alikuwa amechoka. Kila alipotaka kupumzisha mkono alifuta kiganja kwenye gauni, na mpira uliofuata ulikuja taratibu, chini chini. Mwalimu hakuona. Olow hakuona. Kaaha aliona mara ya kwanza, akasubiri, akaona mara ya pili. Halafu kulikuwa na Hamda, yule mwembamba aliyesimama mbali kabisa upande wa soko. Huyo mikono yake ilikuwa kama mdomo wa ndege. Mpira wowote uliopanda juu upande ule, Hamda alikuwa chini yake ukiwa bado angani. Buna walishasikia kwamba Griftu wanapiga mbali, hivyo wakawasogeza wachezaji wao wote huko, karibu na Hamda. Upande wa pili, upande wa kisima, hapakuwa na mtu. Mchanga mtupu na kunguru wawili.

"Wamefanya ujinga," Kaaha alijiambia. Kugusa mpira kidogo tu kuelekea kisima, laini, kama mtu anayemsukuma ndama, na msichana yeyote mwenye miguu angezunguka vigingi vyote akiimba.

Ya Rabi, wasichana wetu wasilione pengo hili, aliomba. Mtu yeyote asilione.

Jua lilianza kulegea. Buna walikuwa mbele kwa alama moja. Griftu walibakiwa na wasichana wawili tu: Hinda, aliyekwishapiga na sasa amesimama kwenye kigingi cha pili akisubiri kukimbia, na Ilhan, mpigaji wa mwisho. Hata mtoto mdogo aliweza kupiga hesabu hiyo. Ilhan akipiga vizuri, Hinda anafika, naye anafika, Griftu wameshinda. Akidakwa, mchezo umekwisha, na lori la kwenda Garissa ni la Buna.

Ilhan akaja kunywa maji. Kijasho kilimtiririka, gongo kwapani.

"Ayeeyo, wamekaaje?"

Kaaha akautazama uso ule. Akaona mlango wenye matundu. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Soko. Piga mbali, upande wa soko."

"Lakini Hamda yuko huko."

"Amechoka huyo. Miguu imekufa. Piga juu, kwa nguvu zako zote."

"Ndiyo hiyo!" Olow alipiga paja. "Leo hata bibi yako amepata akili!"

Ilhan hakuondoka mara moja. Alimtazama bibi kwa namna ambayo Kaaha hakuizoea, kama mtu anayetazama kisima kuona kama kina maji. Kisha akaenda.

Kaaha alifunga macho, akayafungua. Tasbihi ilikuwa imejikunja mkononi mwake na hakujua amefika punje ya ngapi. Kwenye kigingi cha pili Hinda aliinama tayari. Ilhan alisimama mahali pa kupigia, akainua gongo juu kabisa, bega likielekea soko, kama alivyoambiwa. Watu wa Buna wakacheka. Wasichana wao wakarudi nyuma hatua zaidi kumkaribia Hamda. Na Hamda, Mungu ni shahidi, hakuonekana amechoka hata kidogo.

Faduma akafuta kiganja kwenye gauni.

Kaaha akajua mpira utakuja taratibu. Na katika sekunde ile akaona kichwa cha Ilhan kikigeuka kidogo sana kuelekea kisima, kisha kikarudi.

"La," Kaaha alisema. "La, la."

Mpira ukaja. Gongo likashuka kutoka juu, lakini njiani likapoteza hasira yake yote, likaugusa mpira, tap, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Mpira ukabiringika upande wa kisima. Kunguru wakaruka.

Griftu wakalipuka. Hinda alikuwa amekwisha kukipita kigingi cha nne kabla Buna hawajajua mpira uko wapi, na nyuma yake Ilhan anakuja, gauni kalikusanya mkononi, kigingi cha pili, cha tatu. Hamda alikuwa anakimbia kutoka kule mbali kama swala, akaupata mpira, akaurusha, nao ukatua kwenye mchanga nyuma ya visigino vya Ilhan, aliyekwisha kukipita cha nne. Basi.

Olow alimkumbatia mtu asiyemjua. Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu alikuja akikimbia, kofia imeanguka, akamshika Kaaha mikono yote miwili. "Ayeeyo, mpango gani huo! Umewadanganya waende soko, kumbe kisima! Wewe ndiye mwalimu, mimi ni mbeba mipira tu!"

Kaaha alijaribu kutabasamu.

Ilhan hakuja kwake. Alibebwa juu, akashushwa, akabebwa tena. Mara moja tu, kati ya vichwa vya watu, alimtazama bibi, na hakuwa anacheka.

Walirudi nyumbani kabla ya magharibi wakifuatana, mmoja mbele, mwingine nyuma. Ilhan akawasha moto. Akainjika maji. Kaaha akaketi kwenye mkeka akisubiri, maana alijua linakuja, na aliliogopa karibu sawa na barabara yenyewe.

"Ayeeyo," Ilhan alisema bila kugeuka, "Hamda hakuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka."

"Na kisima uliona kiko wazi."

"Niliona mapema. Kabla ya mtu yeyote."

Kuni zikapasuka. Ilhan alikuwa analia sasa, na aliikasirikia ile hali ya kulia. "Wewe ndiye umenifundisha kuangalia! Kila siku, angalia, angalia. Ulifikiri mimi siangalii? Kama hutaki niende, sema wewe. Sema kwa mdomo wako. Usiutume mpira."

Kaaha aliweka tasbihi chini. Kisha akamwambia. Alimwambia kuhusu gunia la chini, na utingo, na kwamba kijana yule alikuwa amevaa ndara mguu mmoja tu. Alimwambia kwamba akilala anamwona Ilhan juu ya gunia lile. Aliongea kwa sauti ndogo kama mtoto anayekiri kuvunja kikombe.

"Na mimi niliiona," Ilhan alisema.

"Uliiona nini?"

"Hiyo sukari. Nilikuwa upande wa pili wa lori na Hinda. Hatukumwambia mtu." Akajifuta pua kwa mtandio. "Naogopa, Ayeeyo. Wote tunaogopa. Hinda jana ametapika. Lakini namtaka hooyo."

Basi, jambo lile alilolikimbia likawa mbele yake, limekaa mkekani, hapana pa kulikwepa. Angeweza kusema hapana. Alikuwa na haki, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama msichana huyu ambaye alikuwa anaogopa wiki nzima peke yake, ndani ya nyumba moja na mtu anayeogopa vilevile.

"Nenda," alisema. Neno lilitoka kama mfupa kooni.

Alfajiri ya safari kulikuwa na baridi kali. Lori lilikuwa la kupeleka ngozi, marobota yamepangwa pande zote mbili, na wasichana walipanda wakiitana majina ili wasikie sauti zao. Askari wawili wa kusindikiza walikaa mbele. Mmoja, mtu wa bara, mgeni huku, kijana bado, alimwona Kaaha anavyotetemeka akamwambia kwa upole, "Mama, usiwe na wasiwasi. Sisi tuko na bunduki."

"Hata wao iko na bunduki, ofisa," Kaaha alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Askari akatazama buti zake.

Ilhan aliinama kutoka juu ya lori. Kaaha akalizunguka gari zima kwanza, taratibu, akiyapapasa marobota kwa kiganja, akisukuma hapa na pale kuona lipi ni zito na lipi limelegea. Akarudi.

"Kaa katikati," alisema. "Chini kabisa, si juu. Hayo marobota ya kushoto ni mazito, yaegemee kwa mgongo. Mkisikia kitu, msiinue vichwa kuangalia. Mwambie Hinda, mwambie kila mtu."

Ilhan alimtazama bibi kwa muda mrefu.

"Hilo ni kweli, Ayeeyo?"

"Walahi, hilo ni kweli."

Msichana akashuka katikati, akapotea kati ya ngozi, na Kaaha akasikia sauti yake ikiwaambia wenzake, kwa ukali wa mwalimu: chini, chini, mgongo huku. Lori likanguruma likaondoka. Kaaha alisimama barabarani akiisikiliza injini mpaka ikafifia, ikapotea, na baada ya kupotea hakuondoka, akaendelea kutega sikio, maana sauti aliyoiogopa haikuwa ya injini.