Tanga la Wapara

Jumapili mkanda wa saba ulipofika Mbinga, banda la video la Nazari lilijaa hata kabla jenereta halijawashwa. Watu walitoka misa ya pili wakaja moja kwa moja, wengine na vitabu vya nyimbo kwapani. Akina mama wa Maguu, walioshuka milima kwa miguu tangu alfajiri, walikuwa wameshatwaa benchi la mbele, viatu wamevua, wanakula viazi vya kuchemsha kama watu waliokuja kusikiliza kesi inayowahusu. Na iliwahusu kweli. Hao hawakuja kutazama sinema, walikuja kuwajulia hali Wapara.

Wapara walikuwa watu wa nyota ya mbali, wanaotangatanga angani katika chombo kikuukuu, vichwa vinang'aa, nyusi hawana, nyuso zao laini na za huzuni. Kwa Kiingereza walikuwa na jina lao, lakini pale Mbinga hakuna aliyelijali. Jina la Wapara walilipatia bandani, na utu wao pia waliupatia hapo, kutoka kinywani mwa Placidi.

Huyu Placidi aliwahi kuwa katekista, na watu waliendelea kumwita Katekista hata baada ya kuacha kufundisha. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, akafasiri kwa sauti yale yanayosemwa. Kiingereza alikiokota kwenye gereji ya misheni, kwa bruda mmoja wa Kijerumani, kwa hiyo alijua vizuri habari za spana na grisi kuliko habari za nyota. Pasipoeleweka alijaza mwenyewe. Watu walijua, wala hawakuona kosa, maana alichojaza kilikuwa kitamu kuliko kilichokuwemo.

Habari ya upara nayo alijaza. Mkanda wa kwanza ulipoonyeshwa, Scholastica wa Maguu, mwanamke asiyejua kunyamaza mbele ya jambo lisiloeleweka, aliuliza kwa sauti kwa nini watu wazima wale hawana hata unywele. Siku hizo Placidi mwenyewe alikuwa na kipara cha wembe. Mwanawe Ignatio alikuwa ameondoka Mbamba Bay na mtumbwi kufuata dagaa, mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukavuma, mtumbwi ukaonekana siku ya pili umepinduka karibu na Liuli, na Ignatio hakuonekana tena. Kwa hiyo Katekista alipoulizwa, jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Wamefiwa, alisema. Nyota yao iliteketea, na wafu wao hawajapatikana, na wao wamekataa kuacha nywele ziote mpaka wazike.

Banda zima liliguna. Kuanzia siku hiyo Wapara hawakuwa tena watu wa sinema. Kila walipotokea, akina mama wa Maguu waliwapa pole, na mzee mmoja wa Matiri alizoea kuvua kofia.

Miaka ikapita, mikanda ikafuatana, Wapara wakabaki na tanga lao, ule msiba usiomalizwa, na Placidi na lake. Kila Jumamosi alichukua wembe akajinyoa. Mkewe Mektilda alishamaliza machozi yake zamani, si kwa kusahau, bali kwa kuchoka. Kilichomkaba yeye sasa ni Vitalia, binti yao. Washenga wa Maguu walikuwa wameshakuja mara mbili, na mara mbili walirudishwa na maneno matamu, kwa sababu katika ukoo wao harusi haipiti juu ya tanga, na tanga la mtoto halianuliwi mpaka baba mzazi aseme neno mbele ya watu. Neno lenyewe fupi tu. Placidi hakulisema. Aliposukumwa na wajomba aliuliza kama kuna aliyemwona Ignatio, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, kikao kiliishia hapo. Washenga sasa walikuwa wametuma salamu kwamba watarudi kahawa ikishavunwa, na kwamba hiyo itakuwa mara ya mwisho.

Basi mkanda wa saba ukatiwa kwenye deki. Nyota zikapita, muziki ukapigwa, mlango wa chombo ukafunguka, wakatoka Wapara. Walikuwa na nywele.

Si nywele za kubahatisha, ni nywele ndefu, nyeusi, zimesukwa nyuma. Na mapaji yao yalikuwa na matuta, kama shamba lililolimwa na mtu mwenye haraka. Meno nayo yalikuwa makubwa. Waliongea kwa ukali, na aliyekuwa mkubwa wao tangu mwanzo, yule mpole, alitambulika kwa koti lake tu.

Fujo ikazuka. Kijana mmoja alisema mkanda ni feki, kwamba soko huria limetuletea betri feki na majembe feki, sasa limetuletea na Wapara feki. Wengine walishikilia kwamba hao ni ukoo mwingine uliowaua Wapara wenyewe na kuvaa nguo zao. Mwalimu Hamphrey wa shule ya msingi alisimama kueleza kwamba watengenezaji wa sinema wamepata fedha zaidi, wakanunua sura bora, na ndani ni Wapara walewale. Aliambiwa akae chini. Vijana wachache wa nyuma walizipenda zile nywele, lakini walikuwa na akili ya kutosha kutolisema mbele ya mama zao.

Scholastica alingoja kelele zipungue.

"Katekista," alisema, "sura si hoja. Mtu hubadilika. Mimi nauliza tanga. Limeanuliwa lini, na nani aliyesema neno? Tumelia nao miaka yote hii, halafu wanaanua bila kutuita?"

Watu wakamgeukia Placidi. Lilikuwa swali jepesi kwa mtu wa ufundi wake. Angeweza kusema waliwazika wafu wao kati ya mkanda wa sita na wa saba, watu wangenung'unika kidogo, sinema ingeendelea. Lakini kusema wamezika kulimshinda. Mkanda ukaendelea wenyewe kwa Kiingereza, mpaka watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakaenda zao, na hilo halikuwahi kutokea katika banda lile.

Nazari, Mnyasa wa Mbamba Bay, hakuwa mtu wa hasira. Alizima jenereta, akamwambia kwa upole kwamba Jumapili ijayo mkanda utarudiwa na watu watahitaji jibu, na kwamba yeye pia ni mtoto wa ziwa na ana ndugu zake waliozama humo. Placidi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao kulala hakuuondoi. Kubeba msiba ni kazi kama kazi nyingine, na yeye hakuwahi kupumzika hata siku moja.

Mbinga hainyimwi habari. Mektilda, ambaye hakuwahi kukanyaga bandani maana aliona ni mchezo wa wasio na kuni za kutafuta, alilipata jambo zima kabla mumewe hajafika nyumbani. Hakumwuliza kitu. Alimpakulia ugali na maharage, akamtazama akila, na wiki nzima alikuwa mpole kiasi cha kumtia Placidi wasiwasi.

Jumapili iliyofuata, Placidi alipokaa kwenye kigoda chake, alimwona mkewe benchi la mbele, kati ya Scholastica na Vitalia. Amevaa kitenge chake cha kanisani. Nyuma yake walikaa wajomba wawili ambao sinema hawakuijua kabisa na walikuwa wakiitazama televisheni kwa mashaka.

Mkanda ukaanza. Mlango ukafunguka, wakatoka wenye nywele. Mkubwa wao akaanza kusema, na Placidi, kwa bahati mbaya, safari hii alimwelewa kila neno: injini ilikuwa imeharibika na walihitaji vipuri. Kilikuwa Kiingereza cha gereji tupu.

"Anasemaje?" aliuliza Scholastica.

Placidi alitazama yale matuta ya paji. Alimchukia yule mtu. Alimchukia kwa kuwa na nywele, na kwa kushughulika na injini.

"Anasema waliwangoja wafu wao," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakainama mbele. "Walingoja sana. Walizunguka kila mahali wakiuliza. Hakuna aliyewaona."

"Wakazika nini, basi?"

"Hawakuzika. Hapakuwa na cha kuzika."

Guno likapita. Kwenye kioo mtu alishika spana. Hapo ndipo Mektilda aliposema, bila kupaza sauti, kama anayeuliza kama chumvi imeisha.

"Na baba yao alisemaje?"

Placidi hakumtazama. Jenereta lilinguruma nje. Alifikiria kusema kwamba hajui, kwamba mkanda una mikwaruzo, na alijua kwamba akisema hivyo atajinyoa tena Jumamosi, na Jumamosi ya pili yake, mpaka kufa, na Vitalia atamzeekea ndani ya nyumba.

"Alisema, mwanangu simwoni. Nimechoka kumngoja. Walio hai waendelee."

Mzee wa Matiri alivua kofia. Scholastica alisema pole, na benchi lote likasema pole, na sauti zao hazikuelekezwa kwenye televisheni.

Mektilda akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akawageukia wajomba.

"Mmesikia," alisema.

"Tumesikia," walisema.

"Ni Mpara ndiye aliyesema," Placidi alisema. Alisikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa jibu la mtoto.

"Kinywa ni cha kwako, baba Ignatio. Na watu ndio hawa." Akamshika Vitalia mkono wakatoka, na Placidi alijua anakwenda kuloweka mahindi ya kimea kwa ajili ya pombe ya kuanua tanga. Alilia hapo hapo kwenye kigoda, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemdai afasiri.

Tanga lilianuliwa. Washenga walikuja, hawakurudishwa. Placidi hakuona ule wepesi ambao watu hudhani huja. Aliona usingizi. Alilala mchana na usiku, na Jumamosi wembe ulibaki dirishani.

Aliporudi bandani, nywele zilikuwa zimeshaota, na zilikuwa nyeupe zote, kichwa kizima. Aliponyolewa mara ya kwanza zilikuwa nyeusi. Huo weupe alikuwa akiukata kila wiki bila kuuona. Watu waliingia, wakamtazama, wakakaa. Scholastica alimkodolea macho muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wale wa kwenye kioo bado siwataki," alisema mwishowe. "Wewe nitakuzoea."

Nazari akawasha jenereta.