Joto la Silinda ya Nyuma

Marlys Kuczynski alikuwa amekwisha kataa mara mbili ofisini, na Ijumaa ile mgahawani, mbele ya sahani za samaki wa kukaanga, akakataa tena.

"Sisaini, Curt. Hata unibebe mgongoni, sisaini."

Curt Dettmann alitafuna samaki wake taratibu, kama mtu asiyesikia. Yeye ndiye mkurugenzi wa kiwanda cha pikipiki, kama baba yake na babu yake kabla yake, na pale mjini hakuna aliyezoea kumwambia hapana. Marlys alizoea. Ndiye mkuu wa injini tangu nywele zake zikiwa bado na rangi ya mahindi, na mdomo wake haukopeshi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kiwanda kilitaka kutoa pikipiki mpya ya safari ndefu yenye mbio, ya kumtoa mtu na mkewe Wisconsin mpaka milima ya Colorado bila kuwavunja viuno, na wakifika huko milimani ikate kona kama zile za Wajerumani. Umbo walikubaliana, viti walikubaliana, hata rangi. Kilichobaki ni injini. Curt alitaka ileile ya babu, silinda mbili kubwa zilizotanuka kama V, moja mbele na moja nyuma, zikipozwa na upepo basi. Wateja waliipenda hiyo mpaka wengine wameichora vifuani. Marlys alikuwa ametengeneza nyingine, ya silinda nne, nyembamba kiunoni, inayopozwa kwa maji, na ukisimama kwenye taa silinda za nyuma zinajizima zenyewe.

Kwa nini zijizime? Kwa sababu silinda ya nyuma iko chini ya paja la mtu. Ukiwa mbioni huna habari nayo. Kwenye foleni, mwezi wa saba, unakuwa umekalia jiko.

Lakini we! Pale kiwandani kuungua ni sifa. Kila mtu ana kovu upande wa ndani wa mguu wa kulia, na mgeni akipata lake la kwanza ananunuliwa bia na kupigiwa makofi. Marlys naye analo, na alinunuliwa bia yake, akainywa. Tofauti yake na wenzake ni kwamba aliona ni upumbavu.

"Wiki ijayo nafunga michoro," Curt alisema alipomaliza kutafuna. "Wauzaji wanataka kuona jina lako chini ya mchoro wa injini, unawajua walivyo. Ukisaini yangu, vizuri. Usiposaini, natoa bila jina lako, na ile yako inaingia stoo haitoki."

Marlys aliweka uma chini. Ile injini alikuwa ameilea miaka, akaikosea, akaibomoa, akaianza upya. Mumewe alikufa yeye akiwa bado anaihangaikia. Leo mtu anaizungumzia kama baiskeli mbovu.

"Injini yako inachoma watu, Curt."

"Joto ndiyo pikipiki yenyewe! Asiyetaka joto apande basi."

Meza za jirani zikacheka. LaVonne, mke wa Curt, hakucheka. Alikuwa akipaka siagi mkate wake mweusi na kuwatazama wote wawili kama watoto wanaogombania bembea.

"Haya, ipande wewe mwenyewe," Marlys alisema. "Gwaride la tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru. Kutoka kanisani mpaka bustani ya ziwani, mwendo wa bendi ya shule. Wewe na injini ya babu, mimi na yangu. Ukifika bila kuzima na bila kushuka, nasaini ya kwako mbele ya watu."

"Na nikishindwa?"

"Inatoka ya kwangu, na wewe unafunga huo mdomo."

Curt akafuta mkono kwenye kitambaa, akamnyooshea. "Umeliwa, mama." Wakapeana mikono.

Siku ya gwaride jua lilitoka na hasira zake, na upepo wa ziwani ukakataa kabisa kuja. Pikipiki mbili za majaribio zilikuwa zimefunikwa mabendera ya karatasi kila mahali ili washindani wasione kilichomo ndani, ingawa mji mzima ulijua, na mji mzima uliufyata mdomo kama kila mwaka. LaVonne akakaa nyuma ya mumewe na kofia yake ya majani, maana mke wa Dettmann hukaa nyuma ya Dettmann tarehe nne, ndivyo ilivyo tangu enzi za babu. Marlys alikuwa peke yake.

Mbele lilitangulia gari la zimamoto, kisha wanajeshi wa zamani, kisha binti aliyechaguliwa na wafugaji wa ng'ombe kuwa malkia wa maziwa, akipunga mkono juu ya trela. Kila baada ya hatua chache bendi ilisimama kupiga, na bendi ikisimama, kila mtu anasimama. Watoto waliingia barabarani kuokota peremende zilizorushwa kutoka kwenye trela. Wazee wakapiga makelele: "Curt! Ingurumishe!" Curt akaingurumisha, na kila alipoingurumisha, joto likapanda.

Marlys alikuwa na hofu, tusidanganyane. Mezani alikuwa na maneno mengi, lakini maji nayo yanachemka, na rejeta, ile ya kuyapoza, ikizidiwa hapa mbele ya shangazi zake wote, itakuwa kicheko cha miaka. Kwenye kona ya benki bendi ikasimama muda mrefu kuliko popote. Silinda za nyuma zikanyamaza chini yake. Feni ikaanza kuvuma. Akaweka kiganja kwenye paja, akakuta kuna joto la kawaida, la mtu aliyekaa juani. Akapumua.

Ndipo aliposikia sauti ya LaVonne pale mbele.

"Curt, naungua."

"Vumilia kidogo, mpenzi. Watu wanatutazama."

"Ndiyo, wananitazama nikiungua! Bomba lote liko chini ya mguu wangu."

"Karibu tunafika."

"Karibu wapi? Hatujavuka hata benki!"

Curt akageuza shingo, uso umemwiva kama nyanya, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu. "LaVonne, ukishuka hapa utaniaibisha."

Thubutu! LaVonne alishuka. Alishika bega la mumewe, akarusha mguu, akasimama katikati ya barabara akipepea suruali yake kwa ile kofia. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa Marlys.

"Sogea mbele, shoga."

Marlys akasogea. LaVonne akapanda, akatega sikio, akauliza kwa mshangao, "Hii imezimika?"

"Haijazimika. Inapumzika."

Curt hakugeuka tena. Alikaza meno, akaamua kufa na tai shingoni. Bendi ikasimama mara nyingi, naye akakaa juu ya lile jiko akitabasamu kushoto na kulia, na mguu wake wa kulia ukitetemeka. Marlys alimtazama njia nzima akiomba ashuke. Hakushuka. Yule bwana, kichwa kigumu kuliko chuma alichorithi, aliingia bustani ya ziwani injini ikinguruma, na ni hapo tu alipoizima.

Wafanyakazi wakamshangilia. Akashuka akitembea kama mtu aliyetoka kupanda farasi wiki nzima, akainua mikono juu.

"Nimefika! Sikuzima, sikushuka! Kalamu iko wapi?"

Marlys aliegesha pikipiki yake, akashuka. Angeweza kusema mengi, kwamba huo ulikuwa ukaidi na wala si uzima wa injini, kwamba mtu mwenye akili asingefika. Lakini mkono alikuwa ameutoa mwenyewe mbele ya watu, na yeye si mtu wa kurudi nyuma. Mchoro wa injini ya babu ukatandazwa kwenye meza ya soseji, wauzaji wawili waliotoka Milwaukee wakasogea kushuhudia. Marlys akaandika jina lake, lote, kwa herufi kubwa.

Halafu hakuiachia kalamu. Chini ya jina akaandika: *Imejaribiwa kwenye gwaride. Waliopanda ni wawili, aliyefika ni mmoja.*

Curt akasoma. Tabasamu likamfutika.

"Huwezi kuandika hivyo hapa. Karatasi hii inakwenda kwa kila muuzaji!"

"Najua inakokwenda."

"Uliahidi kusaini!"

"Na nimesaini. Sikuahidi kudanganya. Unauza pikipiki ya viti viwili, Curt. Waambie watu aliyekaa kiti cha pili alifika na nani."

Wale wauzaji wakatazamana. Mmoja akajikuna shingo, akauliza kwa upole yule mama alipanda pikipiki ya nani baada ya kushuka. LaVonne alikuwa amekwisha fika mezani, suruali ameikunja mpaka gotini, mguu mwekundu. Akayasoma yale maneno mpaka mwisho. Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kalamu, Marlys. Aliyeshuka ni mimi, na mimi nasaini."

Curt aliuangalia mguu wa mkewe kwa muda. Alikuwa hajauona. Kisha akaivuta ile karatasi kutoka chini ya mkono wa LaVonne kabla hajaandika, akaichana katikati, akaichana tena, vipande akavitupa kwenye pipa pamoja na sahani chafu.

"Leta mchoro wa kwako," alimwambia Marlys, bila kumtazama.

Marlys hakumshukuru. Alikwenda kuuchukua.