Moshi wa Saa Moja Asubuhi

Kwa miaka miwili kifaa cha mtafiti Blandina cha kupima hewa kilikaa juu ya paa la Bi Maimuna, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo, kikitumia umeme wa mwenye nyumba. Kila Jumatatu Blandina alipanda kuchukua takwimu, na kila aliposhuka alikuta chai na vitumbua vinamsubiri dukani kwa mama huyo, katikati ya majora ya vitambaa.

"Enhe, hewa yetu inasemaje?"

"Bado nachambua, mama."

Uongo. Alikwishachambua, akaandika kwa Kiingereza, akasoma mkutanoni Nairobi, akapigiwa makofi. Kilichomshinda ni kumwambia mama huyu kwamba moshi mbaya kuliko wote mtaani ulipanda saa moja asubuhi, pale yeye na majirani walipochoma nailoni za kufungia majora.

Jumatatu moja alimkuta anakohoa, ameishika kaunta.

"Vumbi tu hili," Bi Maimuna alisema, akimsogezea sahani.

"Kifua sikijui, mama, mimi si daktari. Lakini moshi naujua." Akamweleza yote.

Bi Maimuna akauliza: "Umejua lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka mzima unaniona nawasha moto! Huko Nairobi umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Na mimi mwenye paa je?"

"Niliona haya. Niliogopa utasema sina adabu."

"Adabu gani ya kuniacha nivute sumu, mwanangu?"

Akajitanda khanga, akatoka. Blandina akajua urafiki umekwisha. Akaanza kukusanya vitu vyake, machozi yakimlenga. Kumbe mama kaenda kuita watu. Alirudi na Mwinyimvua, fundi cherehani, na wenye maduka sita.

"Huyu binti yangu anaijua hewa. Haya, sema kama ulivyoniambia. Kiingereza kiache hukohuko juu."

Blandina akaazima chaki ya fundi, akachora kwenye kaunta jinsi moshi unavyopanda na kushuka. Walimsikiliza.

"Sasa nailoni tuzipeleke wapi?" Mwinyimvua akauliza.

"Hilo sijui," Blandina alikiri. "Nisaidieni kutafuta."

Jumamosi Blandina na Mwinyimvua walizunguka Buguruni hadi wakampata mnunuzi wa plastiki chakavu, akakubali kuja kuzibeba kwa guta lake la magurudumu matatu kila wiki. Wiki ya kwanza maduka mawili bado yalichoma. Bi Maimuna aliwaendea mwenyewe. Aliyowaambia hakuna aliyeyasimulia, ila wiki ya pili hawakuwasha.