Fundo la Kumi na Mbili

Mhanga hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na sauti ya kusikika barazani, wala hakuwa na babu aliyewahi kula na wakubwa. Kiti hakuwa nacho. Miaka yote tisa ya utumishi alisimama. Kusoma alijifunza ukubwani, baada ya kazi, na mwandiko wake aliutunza kama wengine wanavyotunza mkia. Na tangu mwaka juzi hakuwa na kamba ya kutosha.

Kamba ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika himaya ya Mfalme Kiboko mito ilikuwa imekufa zamani, na raia walikunywa maji ya chemchemi. Nchi iligawanywa katika Wilaya za Maji, kila moja na kisima chake cha kupimia, ili maji ya chini yakianza kushuka ijulikane mapema. Kila kaya ilitoa tozo ya utafiti. Mhanga alitumbukiza kamba yenye mafundo kumi na mawili, akaivuta, akaandika ni fundo la ngapi lililogusa maji.

Siku ya baraza, Korongo, Waziri wa Maji, alisoma chini ya mwavuli mpya.

"Wilaya ya Kichangani: mwaka juzi, fundo la kumi na mbili. Mwaka jana, la kumi na mbili. Mwaka huu, la kumi na mbili. Mtukufu, maji yametulia!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mfalme aliitikia kwa kichwa kutoka bwawani mwake. Zamani maji yalimfika mabegani. Sasa yalimfika magotini, na Korongo alikwisha kutangaza kwamba Mfalme amerefuka.

"Yametulia wapi, Bwana Waziri?" aliuliza Bi Digidigi, mjumbe wa Kichangani. "Chemchemi yetu inadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua."

"Bi Digidigi, mafua si utafiti."

"Basi utafiti uniambie: tukae au tuhame? Kuvuka jangwa ni siku kumi. Kiangazi kikitukuta huku, hakuna mtoto atakayefika ng'ambo, na mimi ninao watatu. Wazee wetu hawahami kwa maneno ya mdomo. Wanataka barua yenye muhuri."

Mhanga akakohoa. "Mtukufu, kamba ilirudi kavu."

Wajumbe wakamgeukia.

"Fundo la kumi na mbili ndilo la mwisho. Limetoka na vumbi miaka mitatu. Maji yako chini zaidi, sijui kiasi gani. Kamba ndefu nimeiomba mara tatu."

"Na tozo yetu?" Bi Digidigi alimgeukia Korongo. "Imenunua nini?"

"Mengi, mama! Miavuli ya wajumbe. Posho za vikao. Ziara ya mafunzo nchi za mbali, ambako tuligundua kwamba wao wana maji."

"Na kamba?"

"Kamba imo kwenye mpango. Kwanza tozo iongezwe, tutafiti urefu unaofaa."

Mfalme akapiga mwayo, na mdomo ule ulipofunguka kila mjumbe alitazama chini.

"Kichangani wakihama, wilaya nyingine nazo zitahama. Tozo atatoa nani? Mpimaji, wewe una mwandiko mzuri. Andika: maji yametulia, wakae."

Mhanga akachukua kalamu.

"Na wewe, kaka?" Bi Digidigi alisema polepole. "Wewe uliyeliona vumbi?"

"Nimeamriwa, dada."

"Kumbe hata kucha za kuchimbia mwamba hutetemeka."

Wajumbe wakacheka. Mhanga aliandika maneno ya Mfalme kama yalivyotamkwa. Chini yake akaandika: *Hayo nimeamriwa. Kamba ilirudi kavu. Hameni leo.* Kisha akaandika jina lake lote, bila kufupisha.

"Mbona ndefu?" aliuliza Korongo, akirekebisha mwavuli wake.

"Ni salamu za mwisho, Bwana Waziri."

"Vizuri. Adabu ni adabu."

Mhanga akaikunja barua, akaweka juu yake bonge la tope la bwawani, akaisogeza ukingoni. Mfalme, ambaye hakuwahi kusoma alichokipigia muhuri, akainua mguu akaukandamiza topeni. Bi Digidigi akaibana barua kwa meno na kuondoka bila kumtazama Mhanga.