Beseni Chini ya Mteremko

Mwaka jana udongo wa mteremko ulio nyuma ya nyumba ulishuka hadi dirishani kwa mama mkwe wake, ukasimama pale kama mgeni asiyebisha hodi. Safari hii mtunza bustani hakutaka kubahatisha. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hukaza kama sahani, kwa hiyo aliulegeza mteremko kwa reki, akapanda mbegu za nyasi, akatandaza mabua makavu juu yake, mepesi kiasi cha udongo kuchungulia hapa na pale. Mizizi ilihitaji wiki sita kabla ya mvua kubwa. Ilikuwa imepata tatu.

Alasiri hiyo wingu lilipoanza kujikusanya, aliinua mabua. Yalikuwa yamerundikana kufikia upana wa kiganja. Chini yake miche ilikuwa myeupe, imelala kama nyuzi.

Mama mkwe alikiri bila kuulizwa mara mbili. Kila asubuhi, mkwewe akishaondoka kwenda kazini, aliumwagia mteremko kikapu kimoja zaidi cha mabua. Kitoto kichanga, alisema, hakifunikwi leso tu.

“Mama, umeinyima mwanga.”

“Na mimi je, mwanangu? Anayelala chini ya mteremko huu ni nani?”

Kumbe huyu aliyemtania wiki nzima kwamba anautandikia mlima kitanda, alikuwa na hofu kuliko yeye. Alimsihi ahamie sebuleni. Mama mkwe akakataa katakata; chumba kile alijengewa na marehemu mumewe.

Basi mtunza bustani akapiga magoti, akapunguza mabua kwa vidole, maana reki ingeng'oa miche. Hakuthubutu kuyaondoa yote. Matone yangeupiga udongo mtupu na kuubomoa. Alikuwa amebakiza theluthi moja mvua ilipoanguka.

Alikimbilia barazani, akatega beseni jeupe pale mfereji wa mteremko unapomwaga maji, aone udongo unaosombwa. Beseni la kwanza lilijaa wekundu mzito. Akamwaga. La pili, wekundu uleule. La tatu lilikuwa na rangi ya chai hafifu, na ndani yake vilielea vijiti vya mabua na miche miwili, mizizi yake mifupi kama kope.

Mama mkwe aliinama juu ya beseni.

“Imeng'oka mingapi?”

“Miwili.”

“Imebaki mingapi?”

Mtunza bustani alimwaga maji, akategesha tena, akautazama mteremko ambao mvua ilikuwa imeuficha. Alisema hajui.

Mama mkwe aliingia chumbani kwake. Alipotoka kuelekea sebuleni, alikuwa amekumbatia mto wake wa kulalia.