Mchezo wa Miaka Kumi

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kitoto, na mimi kiranja ndiye niliyeusimamia, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kila darasa linalomaliza shule yetu huucheza siku ya mtihani wa mwisho, wakati walimu wamejifungia ofisini na karatasi zao na hakuna anayejali kelele. Unatoka nje, unafunga mlango, halafu unabisha hodi na kuingia ukiwa mtu utakayekuwa baada ya miaka kumi. Darasa linakupokea kama mgeni na kukuuliza maswali, nawe unajibu bila kucheka. Ukihitaji watu wa kukukamilishia maisha, dereva, katibu, mke au mume, unawaita humu humu darasani, na anayeitwa hana ruhusa ya kukataa.

Kanuni hiyo ya mwisho ilininyima usingizi wiki nzima, kwa raha.

Nilikuwa nimekaa dawati moja na Fundi tangu tulipoanza shule. Tulimwita Fundi kwa sababu hakuna kitu kilichoharibika mbele yake kikabaki hivyo: saa ya ukutani, kitasa cha kabati, redio ya mlinzi, hata kisigino cha kiatu cha mwalimu wa jiografia. Miwani yangu ilipovunjika mkono aliifunga kwa uzi wa shaba alioutoa ndani ya waya wa umeme, akaukunja vizuri usinichome. Nyumbani walipotaka kuninunulia mpya nikasema hii inatosha. Mimi nilimfundisha insha. Mawazo yake yalikuwa mazuri, ila hakujua sentensi inaishia wapi. "Bila wewe mimi sifiki popote," aliniambia zaidi ya mara moja, na mimi, ninayejua kumkagua kila mtu mpaka kola ya shati, hayo sikuyakagua. Niliyachukua maneno yale nikaenda nayo nyumbani, nikayalea.

Kwa hiyo sehemu yangu niliiandaa mapema. Nitaingia na koti jeupe la maabara. Nitasema mimi ni mfamasia, nina duka la dawa kwenye kona ya barabara, na mlango wa pili kuna karakana. Wakiniuliza mume wangu yuko wapi nitasema, "Ngojeni nimwite, anafunga karakana." Nilijizoeza jikoni mbele ya masufuria mpaka mama akauliza ninaongea na nani. Nikamwambia narudia kemia.

Tulifuata mpangilio wa madawati, kuanzia mbele. Mbunge, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote zaidi ya mdomo wake mwenyewe, aliingia na begi ndani ya shati likiwa kitambi, akaita madereva wawili, maana mmoja, alisema, angechoka kumfungulia mlango. Msichana mmoja wa mstari wa pili aliingia kama mwalimu wa hesabu, akatufokea mpaka tukajikuta tumekaa wima. Kaka mmoja mrefu aliingia, akasimama mlangoni, akasema, "Mimi bado sijui," akaenda kukaa. Nikamwambia atoke aingie upya, kanuni ni kanuni. Akasema, "Kiranja, niache." Sauti yake ilinifanya nimwache.

Ndipo ikafika zamu ya dawati letu. Fundi alikuwa upande wa njia, kwa hiyo alinitangulia.

"Hodi," akasema nje.

"Karibu mgeni."

Aliingia mikono ya shati ameikunja, bisibisi mfukoni. Akatuambia ana karakana ya kutengeneza mashine za hospitali, zile zinazotupwa stoo kwa sababu ya kifaa kidogo kilichokatika. Aliieleza karakana hiyo mpaka mahali pa kutundika funguo. Hata waliokuwa wakisinzia walimsikiliza, na mimi nilijivuna, maana maneno yake siku hiyo yalinyooka, na nilijua nani aliyeyanyoosha.

"Sawa, bosi," Mbunge akasema. "Na familia?"

Nikarekebisha miwani. Nikaweka miguu sawa chini ya dawati, tayari kusimama.

Fundi akatazama chini, halafu akatazama dirishani. "Mke wangu," akasema, "ni Kimya."

Kimya alikuwa msichana wa dirishani. Tulimpa jina hilo kwa sababu sauti yake tuliisikia asubuhi tu, majina yakiitwa. Sikuwahi kuwaona wakiongea zaidi ya salamu. Lakini dirisha lake liligoma kufunga muhula mzima, na kila wiki Fundi alikwenda na bisibisi yake, akafungua, akakaza, akarudi akisema bado kidogo. Mtu aliyefufua redio ya mlinzi alishindwa na bawaba mbili za dirisha. Na mimi niliyekaa naye dawati moja nilimwonea huruma, nikamshauri aweke mafuta.

Kimya alisimama ameficha uso kwa daftari. Darasa likapiga meza. Mtu akakunja sweta ya Fundi, akampa Kimya awe mtoto, na nikadhani hapo pametosha, sasa atakwenda kukaa na mimi nitatafuta mahali pa kuweka uso wangu. Fundi akainua mkono watulie.

"Mtoto huyu ana shangazi," akasema. "Kwetu tumezaliwa wavulana watupu. Dada nilikuja kumpata hapa shuleni, na ndiye huyu." Akaninyooshea mkono.

Hakuwa akitania. Alisema kwa heshima, taratibu, kama mtu anayetoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Wasichana wa nyuma wakasema "jamani" kwa sauti ya kuguswa. Na anayeitwa hakatai. Nikasimama, nikaenda mbele.

"Karibu, wifi," Kimya akaninong'oneza. "Shika mtoto."

Nikaishika ile sweta. Ilinuka waya ulioungua, kama ilivyonuka siku zote pembeni yangu.

"Bibi harusi, umepatikana," Mbunge akapaza sauti. "Wifi kama huyu atakuhesabia mpaka vijiko."

"Vijiko nitahesabu," nikasema, "na masufuria pia." Wakacheka mpaka wengine wakafuta macho, nikawa shangazi aliyefana kuliko wahusika wote wa siku ile. Iliniuma. Sijui namna nyingine ya kulisema. Iliniuma kifuani, mahali ninapoweza kupagusa kwa kidole.

Nikamrudishia Kimya mtoto, nikatoka nje kwa zamu yangu, nikafunga mlango. Koti jeupe nililiacha juu ya kiti.

Nilishika kitasa nikashindwa kukizungusha. Ndani walianza kuniita, kiranja, kiranja, wakipiga meza. Nikaenda mpaka mwisho wa korido, panapowekwa ndoo na matambara ya kupigia deki, nikaegemea ukuta na kulia huku nimejiziba mdomo kwa mkono. Nililia kwa hasira pia. Nilikuwa na hasira na dirisha.

Mlango ukafunguka. Nilijua nyayo zake kabla hajafika.

"Dada, vipi? Watu wanasubiri."

"Nakuja."

Akanisogelea. "Unalia?"

"Tumbo."

"Si tumbo. Nani kakuudhi? Mbunge? Yale ya vijiko? Niambie nikamnyamazishe sasa hivi."

Nikamtazama. Angekuwa na kosa, hata dogo, ningelikamata na kumtandika nalo. Hakuwa nalo. Hakuniahidi chochote, hakunidanganya, na hata sasa alikuwa tayari kugombana na darasa zima kwa ajili yangu. Ningeweza kumwambia. Tulikuwa peke yetu, na kesho kila mtu angekwenda kwao. Lakini nilijua angefanya nini: angeumia, angeniomba msamaha, na angerudi ndani ameelemewa na mzigo, siku ile ile aliyopata ujasiri wa kulitaja jina la Kimya mbele za watu.

"Nipe dakika," nikasema. "Ni tumbo kweli."

Akaondoka mbio. Nikamsikia akifungua bomba uani, akarudi na kikombe chake cha plastiki, nusu ya maji yamemwagikia viatu vyake. Nikayanywa yote, kwa sababu alikuwa amekimbia kuyaleta.

"Usiogope wale," akasema. "Wewe ingia tu. Swali la kwanza nitauliza mimi, nitakupa rahisi."

Akatangulia. Nikafuta uso kwa upindo wa sketi, nikabisha hodi.

"Karibu mgeni," wakaitikia.

Nikasimama mbele ya ubao. Nikasema mimi ni mfamasia, nina duka la dawa kwenye kona ya barabara. Nikaeleza rafu zake na kengele ya mlangoni. Mlango wa pili sikusema kuna nini. Kwenye dawati letu Fundi alikuwa ameketi mahali pake, na mahali pangu alikuwa ameketi Kimya, maana waliambiwa mke akae na mumewe, na mtoto wao alikuwa amelala juu ya madaftari yangu.

Mbunge akafungua mdomo. Fundi akamwahi, akainua mkono juu kama alivyoniahidi.

"Mama mfamasia," akasema, akinitabasamia, "hebu tuambie. Baada ya miaka yote hiyo, mimi na wewe bado tunaonana?"

"Hapana," nikasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Mbunge alipiga dawati kwa ngumi zote mbili, akasema huyo ndiye wifi tunayemjua. Fundi alicheka nao, halafu akapunguza, halafu akaacha, akabaki ananitazama, akingoja nimalizie mzaha.

Nikageukia upande wa pili wa darasa, nikauliza kama kuna swali jingine.